Skrubu za Plastiki

Jumamosi, 12 Aprili
Upepo wa khamasini, ule wa jangwani, tangu asubuhi. Mchanga mpaka kati ya kurasa. Baba karudi kiwandani kachangamka. Makabati makubwa ya umeme, yanayolisha mashine za kusokota pamba, yana mifuniko juu. Ilishikwa na skrubu za plastiki – plastiki! – na vumbi la pamba lilikuwa linaingia. Kazitupa zote, kakaza bolti za chuma. Mhandisi Sabri kamsifu mbele ya watu. Baba kaniletea mwongozo wa makabati. Ni wa Kiingereza, nimsomee apate kujua mengine.

Jumatatu, 14 Aprili
Ukurasa wa 41. Nimeusoma mara nne, na kamusi.
Umeme ukiruka ndani ya kabati, hewa inachemka na kuvimba kabla mtu hajapepesa jicho. Plastiki imewekwa makusudi ikatike. Mfuniko ufunguke, moto utokee juu. Ukikosa njia ya juu, unang'oa mlango.
Mbele ya mlango husimama Baba.

Jumanne, 15 Aprili
Nilijaribu kumwambia Baba. Alikuwa na amu Wagih, msaidizi wake, wanakunywa chai. Sauti ikanitoka kama ya paka. Amu Wagih akasema kumbe kiwanda kimepata mhandisi mpya, bado anavaa sare ya shule. Baba akacheka pia, ila kwa upole.
"Mwanangu, kati ya chuma na plastiki, kipi kigumu?"
Nikasema chuma. Nikaenda kuosha vikombe. Mjinga mimi!

Alhamisi, 17 Aprili
Nimeandika ukurasa wote kwa Kiarabu, kwa mwandiko mkubwa, nikauweka chini ya sahani yake ya maharage. Akausoma akitafuna. Akaacha kutafuna. Akauliza kama nina hakika na neno "mlango". Nina hakika.
Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. Leo zamu yake ni mpaka jioni.

Jumatatu, 21 Aprili
Sham el-Nessim, sikukuu ya kukaribisha masika. Mji wote uko bustanini na fesikhi, samaki wa kuvundikwa kwa chumvi, na vitunguu. Sisi tuko nyumbani. Leo tu ndipo mashine zinazimwa, kwa hiyo Baba kaondoka alfajiri na mfuko wa spana. Mama kanuna: samaki wameshafunguliwa, nyumba inanuka.
Baba kapiga simu saa sita. Maduka yote yamefungwa, plastiki hakuna. Atafungua chuma, aache mifuniko imelala tu. Vumbi litaingia, basi liingie. Makabati manne tayari, matano bado.
Kapiga tena sasa hivi. Mhandisi Sabri anataka umeme uwashwe saa tisa, kuna mzigo wa kwenda nje. Anasema bolti zitasubiri sikukuu nyingine.
Nikauliza amemjibuje.
"Nimemwambia aje yeye asimame mbele ya mlango, mimi nitawasha."
Baba hajawahi kumjibu hivyo mtu mwenye tai. Nyuma yake nilisikia amu Wagih akikohoa. Kisha Baba akasema lazima akate, mhandisi anapanda ngazi.
Mama anauliza kuna nini. Nimemwambia afunike samaki, Baba hawashi mpaka bolti ya mwisho itoke.