Maneno Niliyomlisha Mtoto

Kaka mpendwa,

Salamu zikufikie wewe, shemeji na wanangu wote hapo nyumbani. Mgongo umeachia kidogo, au bado unachomelea mageti umepinda vile vile? Sisi huku wazima, ila mimi nakuandikia nimesimama, karatasi juu ya kabati la ofisi. Tangu asubuhi nimekaa mara tatu nikainuka mara tatu. Hukuniita Kiroboto bure.

Kazi yangu unaijua: natafsiri filamu za nje, na maneno yangu hupita chini ya picha. Mwezi huu nilianza na ya wezi wanne waliochimba handaki kwenda benki, wakaibukia jikoni kwa polisi. Hiyo niliimaliza kwa siku mbili, wenzangu wakinishangaa ninavyocheka peke yangu.

Kisha nikapewa ya mtoto. Msichana mdogo anafungulia njiwa wa baba yake, wanapotea, na lawama inamwangukia dada yake. Dada anapelekwa mbali. Mdogo anasimama getini, midomo kaifumba, mpaka gari halionekani tena. Sekunde ishirini, kimya kitupu. Mimi nikaandika pale chini: “Baba, ni mimi.”

Jana mhariri wetu akaniita, mama mpole asiyepandisha sauti. Akairudisha picha nyuma hadi pale getini, akaniuliza, “Huyu mtoto hasemi kitu. Haya umeyatoa wapi?” Nikajitetea kwamba nilitaka watazamaji waelewe. Akasema wangeelewa bila mimi, na kwamba nisipoyafuta kufikia leo jioni filamu atapewa mwingine, na kazi zangu zote pia. Ni kubonyeza mara moja tu, Kaka. Mkono unakataa.

Sasa sikia. Unakumbuka kitambaa cheupe cha bibi harusi, kile Baba alichokikuta kimekatwa katikati juu ya cherehani? Ni mimi. Nilitaka pazia la sinema yetu ya tochi, maana shuka la Mama lilikuwa na maua. Baba alipouliza nani, sikusema neno. Nilikutazama wewe, basi, na ikatosha. Wiki ile ile ukapelekwa karakanani kwa Mjomba, wewe uliyekuwa wa kwanza darasani, na kurasa tupu za madaftari yako nikazimalizia mimi. Miaka thelathini na moja nimekula kwa elimu iliyokuwa yako. Nadhani ulijua. Hukuniuliza hata siku moja, na hapo ndipo panaponichoma zaidi. Naona aibu, Kaka. Nisamehe.

Nikishaifunga bahasha hii nitakaa chini niyafute yale maneno. Yule mtoto hakusema, na si kazi yangu kumsemea. Mimi nimesema.

Msalimie shemeji, wabusu watoto. Ukitaka kunitukana, nitukane, ila niandikie.

Mdogo wako,
Kiroboto