Tiketi ya Joachim

Silke, nimekwisha. Niko kwenye treni ya Hamburg kwenda Munich na mchumba wangu Joachim, na tiketi niliyomkatia kwenye simu imetoka na jina la Detlef. Detlef, yule niliyeachana naye.

Kondakta kalisoma kwa sauti: "Bwana Detlef Harms, kitambulisho tafadhali."

Joachim akanigeukia. "Detlef?"

Simu ilikuwa bado imehifadhi jina lake kama abiria, mimi nikabonyeza tu. Kondakta katusamehe. Joachim, wapi. Nilipoanza kujieleza, bibi wa kiti cha jirani akasema, "Mama, hili ni behewa la kimya, hakuna kuongea."

Detlef, Silke. Jina zima.

Sasa mimi na Joachim tunatazamana, meza katikati, bado masaa manne. Kaniandikia ujumbe hapo hapo alipokaa: "Na ya kurudi ina jina la nani?"

Nimeifungua. Naogopa kuinua macho.