Baiskeli ya Baba Haina Pa Kukaa

Gulwe, 3 Oktoba 1995

Mwanangu Raheli,

Mbukwa! Mimi mzima, ila goti linanikumbusha uzee kila nikiinama. Wewe hujambo hapo chuoni? Na baiskeli yangu? Pasaka hamkuja, Juni ukabaki kwa mafunzo ya kazi. Mwaka unakwisha sijaiona. Mnyororo utie mafuta, na usiianike juani, tairi zitapasuka. Desemba ilete niikague mwenyewe.

Jirani yetu Emilia anasema nimezidi, baiskeli si mtoto. Nimemwambia anyamaze.

Baba yako,
Sostenes

Dodoma, 20 Oktoba 1995

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, pole na goti. Baiskeli ni nzima, tatizo haina pa kukaa. Walimu wetu siku hizi wananunua magari ya mtumba kutoka Japani, na magari nayo hayataki jua, basi banda la baiskeli za wanafunzi limekuwa lao. Sisi tumeachiwa kaukuta nyuma ya jiko. Ukichelewa kidogo kutoka Ipagala nilikopanga, hupati nafasi. Juzi niliingia nayo darasani, nikatolewa nayo.

Sasa tunazibananisha na kuzifunga zote kwa mnyororo mmoja, mwizi akitaka moja abebe zote. Kufuli ni la Henry, tunasoma naye, na funguo anakaa nayo yeye.

Desemba naileta, baba, usijali. Nitapanda treni ya Jumamosi tarehe 16. Natamani ugali wako, hata ule wa kuungua. Treni ikipiga honi huku, hamu ya kusoma inaniisha kabisa.

Binti yako,
Raheli

Gulwe, 9 Novemba 1995

Mwanangu,

Hatujambo wote, na jogoo mweupe hajambo, ingawa hajui kwa nini nimemtenga. Tarehe 16 nimeisikia. Usisahau baiskeli.

Baba yako

Dodoma, 16 Desemba 1995

Baba,

Shikamoo. Leo sina hata uso wa kukuuliza hali. Treni imeniacha. Asubuhi nilikwenda chuoni na begi langu kuitoa baiskeli iliyolala kule ukutani, nikakuta Henry ameshaondoka kwao Kigoma na funguo mfukoni. Hatarudi mpaka Januari. Nilimbembeleza mlinzi akate mnyororo, akasema hakati mpaka wenye baiskeli wote wawepo. Nikiwa bado nabishana naye, nikasikia honi. Nililia pale pale ukutani.

Nitabaki huku Krismasi. Umeiulizia baiskeli mwaka mzima, nitashukaje Gulwe mikono mitupu? Nisamehe. Barua hii atakuletea Anna, mwenzangu wa darasani, anasafiri kesho.

Raheli wako

Gulwe, 18 Desemba 1995

Raheli mwanangu,

Sijui kama u mzima, maana umeniandikia unalia. Mimi si mzima sana, na goti halihusiki.

Jumamosi nilikuwa stesheni. Nilivaa koti la kanisani. Sasa nikuulize, wewe msomi: baiskeli ikiletwa kwa treni, inashukia wapi? Behewa la mizigo. Huko sikwenda hata kutupa jicho. Nilisimama kwenye mabehewa ya abiria nikitazama kila mlango, mpaka treni ikaondoka.

Marehemu mama yako ndiye aliyekuwa akinisemea maneno haya. Mimi nikishika kalamu nianze kusema nimekukumbuka, mkono unaandika mnyororo na tairi. Emilia alilijua hilo tangu zamani, mwanamke yule.

Iache baiskeli huko ukutani, ikae na wenzake. Njoo wewe. Barua hii nimempa Ulimboka wa reli, ataileta mwenyewe hadi mlangoni kwako.

Baba yako,
anayekungoja

Ndani ya treni, 21 Desemba 1995

Baba,

Shikamoo. Tumepita Igandu sasa hivi, mwandiko unarukaruka. Barua hii nitakukabidhi mkononi nikishuka, kwa sababu nakujua, na mimi nimekurithi: tukionana tutaanza kuulizana habari za goti na jogoo.

Nimekukumbuka sana, baba. Kila siku. Usiisome mbele ya Emilia.

Mwanao,
Raheli