Mikono Nje ya Fremu

Jumatatu, 3 Machi

Tumepewa fomu ya tathmini ya mradi. Kurasa nne! Sehemu ya A, maendeleo ya kiufundi. Sehemu ya B, hadhira lengwa. Mwalimu wa mradi anaitaka Ijumaa, sahihi zote tatu zikiwemo. Tunamwita Bwana Ushahidi. Ukimwambia mvua inanyesha, atakuuliza ushahidi uko wapi.

Sisi ni watatu tu. Mimi sauti. Mrefu kamera. Kipara mwongozaji, na kuhariri anahariri yeye, maana hamwamini mtu na kompyuta yake. Mimi na Kipara ni chanda na pete tangu mwaka wa kwanza. Wazo la filamu lilikuwa langu, ila aliyenipa moyo wa kulisema darasani ni yeye.

Filamu ni dakika kumi na mbili. Dada yangu na wenzake wawili, mafundi cherehani, wote viziwi, chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Dada alikataa mara mbili. Mwaka juzi alikuja bwana mmoja kuwapiga video ya tangazo, akapiga nyuso tupu. "Alitupiga midomo," Dada alisema. Wanaionyeshana kwenye simu mpaka leo, wanacheka. Ila Dada huwa anaacha kucheka kabla ya wengine.

Mara ya tatu akakubali, kwa sharti moja: mikono isikatwe. Kiziwi yeyote akitazama aelewe bila kuuliza mtu. Nikamwahidi. Kipara naye akaahidi, nikamfundisha ishara ya kuahidi, akaifanya vibaya, wote wakacheka.

Kwenye sehemu B nimeandika: viziwi kwanza, halafu sisi wengine. Kipara akasema hiyo sentensi ndiyo filamu yenyewe. Nimelala mchana huu nikiwa na raha zangu.

Jumatano, 5 Machi

Studio. Yaani ile stoo yenye magodoro ukutani. Kipara kaja na karatasi, anataka nisome ili apime urefu wa maneno, apate kupanga maandishi ya chini ya picha. Nikasoma kimoyomoyo kwanza. "Tangu utotoni naishi ndani ya ukuta wa kimya. Hakuna anayenisikia. Nashona nguo za watu wasiojua jina langu."

Nikamwambia Dada hajasema haya hata siku moja. Dada ukimwacha aseme, atakumaliza kwa vichekesho. Kipara akasema anajua, ni ya kupimia tu, itafutwa. Haya.

Niandike ukweli, hili daftari halisomwi na mtu: nilirudia mara tatu. Ya kwanza ilikuwa kavu. Ya pili nilivuta pumzi vibaya. Ya tatu — nikashuka sauti kwenye "hakuna anayenisikia," nikaacha nafasi kidogo. Kipara alisimama akapiga makofi. Nikajisikia fundi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimetia sahihi. Kwenye korido, karatasi juu ya mgongo wa Mrefu, Kipara anahema: Bwana Ushahidi anafunga ofisi! Ukurasa wa nne tu. Zile tatu za mwanzo alikuwa amekwisha kuzibana kwa pini.

Jumatatu, 10 Machi

Bado sijaona filamu. "Narekebisha rangi." Juzi pia rangi. Filamu gani hii inayopakwa rangi kuliko nyumba?

Dada anashona blauzi tatu za kufanana, bluu iliyokolea, bila ua wala mstari, za kuvaa siku ya onyesho la majaribio. Rangi moja ili mikono ionekane. Ameniuliza kama taa za ukumbini zinazimwa zote. Nikamwambia karibu zote. Akasikitika: wataongeaje humo ndani? Kisha akasema basi, watatazama kwanza, wataongea baadaye.

Jumatano, 12 Machi

Fomu zimerudi.

Nianze na kalamu nyekundu ya Bwana Ushahidi: "Vizuri sana. Hadhira mmeifafanua kwa uhalisia." Nikafurahi. Nikafungua ukurasa wa tatu nijisomee sentensi yangu.

Haipo!

"Hadhira lengwa: watazamaji wanaosikia, miaka 18 hadi 35, wapenzi wa filamu za kugusa hisia." Na kwenye sehemu A: "Picha zimevutwa karibu ili kuleta ukaribu na mhusika. Sauti ya msimulizi imekamilika."

Imekamilika! Nilikaa kwenye ngazi, watu wakanipita kama mkoba uliosahauliwa.

Nikaenda kwa Bwana Ushahidi, nikamweleza kwamba haya si tuliyokubaliana. Hakuwa mkali. Aligeuza ukurasa wa nne, akauweka mbele yangu. "Binti yangu, hii si sahihi yako?" Nikasema ndiyo. "Sasa ushahidi wako wewe uko wapi?"

Alhamisi, 13 Machi

Nimeiona.

Nilimkuta Kipara chumba cha kuhariri, nikavuta kiti nikakaa bila salamu. Akajua. Akabonyeza mwenyewe.

Uso wa Dada. Uso. Uso. Mikono imeishia kabla ya viganja, mara kidole kinapita chini ya picha kama mdudu. Mrefu alipiga picha pana, nilikuwepo, nilishika fimbo ndefu ya maikrofoni mpaka bega likafa ganzi kwa sauti ya cherehani tu. Huyu kaivuta yote humo kwenye kompyuta.

Halafu ile ya suruali. Kichekesho kikubwa cha Dada hicho: yule bwana anayeleta suruali ipanuliwe kiuno mara tatu kwa mwaka, kila mara analaumu maji ya kufulia. Dada hujaza mashavu hewa, hufumba macho, mikono inachora tumbo linakua, linakua, mpaka kifungo kinaruka. Sasa toa mikono. Imebaki nini? Mwanamke amefumba macho, mashavu yamejaa, anajizuia kulia. Na juu yake sauti — yangu, ya mara ya tatu, na ile nafasi niliyoiacha — "hakuna anayenisikia."

Nilimtolea uvivu. Nilimwita majina ambayo hata hapa siyaandiki. Yeye macho makavu! Eti viziwi hawajai hata safu mbili za ukumbi. Eti wanaotoa alama wanasikia. Eti uso ndio sinema, na Dada atafurahi kujiona mkubwa ukutani. Mwishoni sauti ikamlegea kidogo, akasema hii ni nafasi yake moja tu, akifeli mwaka huu kwao hawamrudishi. Hilo nalijua. Nililijua kabla hajalisema, kwa sababu ndiye rafiki yangu.

Nikasema basi angalau weka maandishi, wapate kusoma.

Akanitazama. "Niandike nini? Aliyosema yeye, au uliyosema wewe?"

Akiandika ya Dada, hayaendani na sauti, ukumbi mzima utaona uongo. Akiandika ya sauti, Dada atayasoma. Nikaondoka. Mlango niliubamiza, ukarudi ukafunguka wenyewe.

Jumamosi, 15 Machi

Mrefu alikuja nyumbani, kasimama nje na kofia mkononi kama aliyekuja kuposa. Nikamtoa nje zaidi, mpaka kona ya kinyozi.

Amejua wiki nzima. Wiki nzima! Nikamuuliza mbona hukuniambia. Akasema alidhani nimekubali. "Sauti si yako? Nikasema, kama mdogo wake mwenyewe ameridhia, mimi nani?"

Hakuna aliyenichoma kama yeye, na yeye peke yake hakukusudia.

Anasema picha pana zipo, diski iko kwa Kipara. Kuipanga upya, siku kumi ukifanya haraka. Onyesho ni Alhamisi. Nikamuuliza, ukiulizwa na Bwana Ushahidi utasema? Akakunja kofia. Akasema ataona.

Jumapili, 16 Machi

Dada amemaliza blauzi. Kanijaribishia mimi ya kwake, tumelingana mabega. Kola imekaa vizuri sana.

Jumanne, 18 Machi

Nilitaka kumwambia leo. Nilimngoja amalize pindo. Nikamgusa bega, akageuka, akaniita jina langu, yaani akavuta ncha ya sikio. Ndivyo anavyoniita tangu nikiwa na miaka minne. Masikio. Mimi ndiye niliyemwambia kuku wanalia, mlango umegongwa, shangazi anakusema. Na shangazi alikuwa anamsema kweli, nilimfikishia neno kwa neno, sikumficha hata moja, nikachapwa kwa umbea.

Mikono ilikuwa hapa mapajani. Nikainyanyua. Nikamuuliza kama kuna chai.

Ningeweza kumwambia asije. Ningeweza kusema limeahirishwa. Nilijiambia labda Kipara atabadilika, labda umeme utakatika. Uoga tu. Niuite jina lake.

Alhamisi, 20 Machi

Saa kumi na moja jioni. Tumerudi. Naandika haraka.

Walikuja wote watatu na blauzi zao, wakakaa safu ya pili katikati. Mama pembeni yao na kitenge kipya. Watu walikuwa kama sitini. Mimi nilikuwa nyuma kwenye meza ya sauti, ndiyo kazi yangu, hata leo. Kidole kwenye kitufe cha kupandisha na kushusha. Ningeweza kuishusha! Mpaka chini kabisa! Nilifikiri hivyo dakika zote kumi na mbili, na kidole hakikusogea. Mara moja nilikisogeza. Nilipandisha, kwa sababu mtu alikohoa. Mazoea.

Mwanzo wale watatu walikuwa wanatazama, shingo mbele. Kisha mwenzake Dada mmoja, mnene, akainamisha kichwa pembeni, kama anayechungulia chini ya mlango, anatafuta mikono. Kisha wakaanza kutazamana. Dada hakugeuka. Alikaa wima.

Ikafika suruali. Nikaona mabega ya Dada yanajiandaa kucheka, anajua kinachokuja, anawangoja wenzake. Ukumbi ukatulia. Sauti yangu ikasema inachosema. Msichana wa mbele akajifuta macho. Mwingine akajifuta. Bwana Ushahidi mwenyewe akavua miwani. Dada akageuza kichwa polepole, akatazama safu moja, nyingine, akaona watu wanalia kwenye kichekesho chake. Halafu akamwona Mama. Mama analia na kitambaa mdomoni.

Makofi marefu. Kipara akaitwa mbele. Akamwita na Dada asimame, watu wakasimama nao. Bwana Ushahidi akasema filamu imeipata hadhira yake, ushahidi ni macho yenu. Wakacheka huku wakilia. Wakampigia Dada makofi ya kelele. Hakuna hata mmoja aliyenyanyua mikono hewani akaitikisa, kama wanavyopigiana wao. Hata mimi. Mrefu alikuwa mlangoni, kofia usoni.

Kipara alipita mezani kwangu, akanibana bega. "Umeona?" Nimeona.

Njiani wenzake Dada waliagana nasi mapema. Mnene alimwambia kitu kifupi, sikukiona, alinipa mgongo makusudi. Mama akaninong'oneza, akimpa Dada mgongo ili midomo yake isionekane: "Mwanangu, mwenzio kweli alisema hayo? Ana uchungu wote huo na mimi mama yake sijui?" Halafu akaongeza: "Na ile sauti si yako?" Nikasema, Mama, baadaye. Mama kwa mikono anajua chakula, pole, njoo. Hawezi kumweleza Dada. Ni mimi tu.

Tulipoingia ndani Dada alivua blauzi, akaikunja, akaiweka juu ya cherehani. Akanigeukia. Hakuwa na hasira, ndiyo mbaya zaidi. Akauliza: pale kwenye suruali, mbona walilia? Mama amelia. Nilikuwa nasema nini?

Nikamwambia ngoja kidogo. Nikajifungia humu.

Anadhani ni kosa la mitambo. Hilo ndilo ninalolisoma usoni mwake. Anadhani kuna kitu kimeharibika, na mimi ndiye nitakayemweleza kimeharibika wapi, kwa sababu sijawahi kumficha neno.

Mama amekaa sebuleni, nasikia anapenga kamasi.

Taa ya chumba imewaka. Imezima. Imewaka. Swichi iko nje ya mlango, ndivyo anavyobisha hodi. Nimegonga sakafu kwa mguu mara mbili, yaani nakuja. Hakuacha. Inawaka, inazima, taratibu, hana haraka.

Nimefungua mlango kidogo. Mkono mmoja uko kwenye swichi. Wa pili unavuta ncha ya sikio.

Itabidi niweke kalamu, mikono yote miwili inatakiwa. Bado sijui itasema nini —