Posa ya Kiingereza Iliyofika Mbwera

Kibiti,
Jumatano, baada ya Alasiri

Dada yangu Mwanamina,

Assalaam alaykum, na shikamoo mara mbili: moja ya leo, moja ya siku zote nilizokaa kimya.

Kabla ya yote natangaza rasmi, kwa niaba yangu na ya mzee Velji mwenye duka, kwamba paka wa hapa dukani amejifungua salama watoto wanne juu ya kitabu changu cha sarufi ya Kiingereza. Mama na watoto hawajambo. Kitabu hakijapona. Watoto nimewapa majina kutoka ukurasa walipozaliwa: Can, May, Must na Should.

Nawe hujambo? Presha imetulia? Goti je? Nasikia kweleakwelea wameshukia mpunga mapema mwaka huu, na unashinda juu ya dungu la kulindia shamba unawapigia debe. Kwa umri wako, dada, debe lile ungemwachia mwingine. Sisi huku tu wazima. Mwanao Warda anafundisha, anakula, anacheka, na jioni ananisahihisha lugha bila kuombwa. Mimi bado nina meza yangu ya steshenari barazani kwa Velji, natoa kopi na kuwaandikia watu barua zao.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu simu yako unaijua. Ukiiweka sikioni husikii, ukiiweka sauti kubwa anasikia jirani yako Zuhra, na Zuhra akisikia imesikia Mbwera nzima. Barua hii isome peke yako kwanza.

Ni habari ya ile posa. Nahodha Fikirini aliniletea siku kumi na moja zilizopita, ndani ya mfuko pamoja na uduvi (ahsante, tumeula), na agizo lako kwamba mjomba aisome, aifasiri, kisha atoe neno. Ulifanya vyema kutompelekea Warda, ingawa mwalimu wa Kiingereza ni yeye, maana mwali hasomi posa yake kabla wakubwa hawajasema. Fikirini alinieleza kuwa umeshairidhia karatasi kwa macho tu. Ati Zuhra kaigeuza juu chini, akasema huyu ni mtu wa wizarani, tena wa ghorofani. Nawe ukamjibu kwamba ulijua, mwanao kasoma, na uliapa tangu zamani kuwa haendi kwa mshika spana.

Basi nianze na kufasiri. Waingereza wana maneno madogo wanayoyatanguliza mbele ya kitenzi, ndio hao paka wangu wanne na ndugu zao. Maneno haya ni kama mjomba kwenye harusi. Mjomba hapiki, habebi maji, lakini asiposema neno hakuna kinachokwenda. Can anasema inawezekana. May anabisha hodi. Must hana mchezo. Should ni shangazi: anakwambia lililo sawa, halafu anakaa kitako aone kama utalifanya. Kitenzi kikifika mbele yao kinavua viatu mlangoni, hakibaki na pambo lolote. Nyuma ya kitenzi ndipo huja mahali na watu: in the house, with my mother, at Nyamisati. Hapo ndipo maneno yanapofungwa kamba. Mtu akikwambia atamtunza mwanao, asiseme wapi wala kwa kazi gani, huo ni mtumbwi haujafungwa. Maji yakijaa utaukuta kwa wengine.

Sasa karatasi yako. Mstari wa pili unasema: I could to provide for your daughter with diligence. Yaani, ningeweza kumtunza binti yako kwa bidii. Wa tatu unasema kwamba huenda mwandishi akahesabiwa ndani ya sekta ya usafiri wa majini. Inaendelea hivyo mpaka chini, could na might na would kumi na tatu, nimezihesabu. Ni Kiingereza kilichovaa kanzu na joho juu yake. Ukikivua joho, ndani hamna mtu. Hakisemi anafanya nini, atakaa wapi, wala atakula na nani. Nilimsomea Velji, akasema aliyeandika hivi anapanda ngazi huku ameshikilia msuli usidondoke.

Mposaji mwenyewe amejiandika Mudathiri. Jina hulijui, ila mtu unamjua. Masika iliyopita, tulipokuwa tunakukimbiza hospitali na boti ikazimika katikati ya mto, kuna kijana alikuja na mtumbwi kutoka Nyamisati, akasimama kwenye maji ya kifua, akaifungua injini mpaka ikawaka. Ulimwita Baba Grisi. Ulimwambia asiguse khanga yako. Alicheka, akasema, "Mama, khanga itafuliwa, wewe upone kwanza." Ndiye huyo. Hayupo wizarani. Yupo Nyamisati, chini ya boti ya mtu.

Najua hapo umeiweka barua chini. Iokote.

Juzi wakati wa chakula nilimzungukia Warda. Nilimuuliza, kama mtu anayeulizia bei ya nazi, ana maoni gani juu ya mafundi wa injini. Akaniuliza, "Mjomba, unakula au unanihoji?" Kisha akacheka, akaniambia wanajuana mwaka wa pili, tangu safari zake za kuja kwako kupitia Nyamisati, na kwamba Mudathiri amekiri kwake kuwa posa aliituma kwa Kiingereza. Hapo hakucheka tena. Alisema wewe unamtaka msomi, naye Mudathiri ameogopa akakuletea msomi wa karatasi. Alisema mama akimkubali huyo wa kwenye karatasi, basi karatasi ndiyo ioe, yeye hatakuwepo. Anataka umkubali Baba Grisi na grisi yake, au umkatae yeye mwenyewe, usoni. Unamjua mwanao. Must ya kwake ni must.

Ndiyo maana siwezi kunyamaza tena. Dada, posa ile niliiandika mimi.

Alikuja mezani kwangu mwezi uliopita, mikono kaisugua mpaka imekuwa myekundu. Sikumtambua, mara ya mwisho nilimwona nusu yake, nusu ikiwa majini. Desturi yangu siulizi jina la msichana. Naacha nukta mtu ajijazie mwenyewe, isije ikasemwa siri imevuja mezani kwangu. Alisema maneno yake kwa Kiswahili, machache, nami nikiyaandika pembeni. Nayanakili hapa kama alivyoyasema: "Mwambie mama yake mimi natengeneza injini za boti, Nyamisati. Naweza kumlisha. Sitamhamishia mbali, kila Ijumaa tutamjia Mbwera, injini ninayo mwenyewe. Na mwambie najua mimi siye aliyemtaka."

Nilimwambia hiyo si posa, hayo ni maelezo ya polisi. Nikaichukua kalamu, nikayapamba. Aliuliza mara mbili injini imekwenda wapi. Nilimjibu imo ndani ya sekta. Akasema, "Lakini mzee Sadala, mimi sisafirishi, natengeneza." Nikamwambia aniachie, kila mtu na ufundi wake.

Jana ndipo nilipompigia simu kumlaumu kwa nini hakunitajia ni Warda. Alinijibu kwa adabu kwamba meza za kuandikia barua Kibiti ziko nyingi. Alikuja kwangu makusudi, ili mjomba wa binti awe wa kwanza kuyasikia kutoka kinywani mwake. Na mjomba, dada, alikuwa anajisikiliza mwenyewe.

Mfuko wako ulipofika niliitambua karatasi kabla sijaikunjua, ina alama ya duara ya glasi yangu ya chai. Ningekwambia siku ile ile. Lakini Fikirini alikuwa ameshanieleza ulivyomsifu mwandishi kuwa ni msomi. Tangu nilipoishia darasa la saba, na ulivyolia wewe siku ile kuliko mimi, hujapata kuniita msomi. Nilitaka nikae na neno hilo kidogo. Nimekaa nalo siku kumi na moja, linatosha.

Neno la mjomba ni hili: apewe. Kilemba changu cha ujomba nimekiacha, ndiyo adhabu yangu. Ukimkataa, mkatae kwa yale maneno yake manne ya Kiswahili, usimkatae wala usimkubali kwa yangu.

Nisalimie watoto wa dungu la jirani, na Zuhra, ambaye bila shaka sasa yupo begani kwako. Fikirini atasubiri jibu mpaka maji yajae. Mpe ndiyo au hapana.

Ndugu yako akupendaye,
Sadala bin Abdalah

Tena: Warda amenikuta nikiifunga barua hii, akaiona ile posa mezani, akachukua kalamu nyekundu. Nimepata saba kwa ishirini.