Kigari cha Baba

Dada mpenzi,

Huku tu wazima. Kile kigari cha rimoti kinachotumia mafuta, ulichomtumia Baba, kilifika vipande vitupu ndani ya boksi. Fundi magari wa nyumba hii ni mimi, lakini Baba alimwita mumeo, mshonaji. Siku tatu wamekaza skrubu wakicheka, roho ikiniuma. Jana injini ilikataa kuwaka. Nilijua ni plagi, nikanyamaza makusudi. Kisha nikamuuliza Baba mbona hakuniita.

"Wewe ungekimaliza kwa saa moja," alisema, "mimi nikabaki mtazamaji."

Leo nimewaambia kasoro, nikatia mikono mfukoni, wakabadilisha plagi wenyewe. Kikanguruma. Baba akamkumbatia mumeo.

Dada, mwite mumeo huko uliko, hata wiki moja tu.

Mdogo wako mwenye wivu