Susu Kalondu na Cherehani Zake za Muthetheni

Susu, mwaka umeisha tangu tukurudishe nyumbani Muthetheni ukiwa umelala. Wengine wanasema wakati unaponya. Sisi hatujaona.

Nyanya yetu, ulipenda cherehani kuukuu kama vile watu wengine wanapenda ng'ombe. Ukisikia kuna moja imetupwa mahali, hata Kithimani, unafunga leso unaenda. Zilijaa nyumba mpaka kitanda chako kikasukumwa kwa ukuta. Ulizikwangua kutu, ukazitafutia mikanda, zikashona tena.

Kila moja uliipea jina la mama aliyekuwa nayo kwanza. Hukuwa unasema "ile ya kukanyaga." Ulisema Nthambi. Na kutia mafuta uliita kula. Jumamosi jioni ulisimama mlangoni na kikopo chako: "Haya, nani hajakula?" Siku moja Pasta Muindi akasikia hivyo, akaenda kunawa mikono. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Lakini Ndila ndiyo ilikuwa roho yako. Cherehani ya mama yako, ile iliuzwa ukiwa msichana. Uliitafuta miaka, ukaipata Kithyoko kwa nyumba ya kuku, ukaijua kwa alama ya pasi ya makaa kwa ubao. Jina la mama yako ulikuwa umeshapea mjukuu, kwa hivyo hapa nyumbani tukawa na Ndila wawili. Mmoja wa chuma, mmoja wa kukula sana.

Ile wiki ulianguka, ulikuwa umefungua Ndila yote, ukaiosha na mafuta ya taa, ukairudishia. Ilibaki tu kutiwa mafuta yake. Tukakubeba hospitali. Ukawa unauliza, kila tukikuja, "Ndila amekula?"

Shangazi Peris, binti yako, akakujibu, "Amekula, Mwaitu, hata ameongeza."

Mjomba Munyao akasema, "Huyo? Amekula mpaka ya kesho!"

Tukacheka sisi wote. Na wewe ukatabasamu, ukafunga macho, ukatulia. Sisi wote tulijua vile unaongeanga. Hakuna hata mmoja wetu alifikiria.

Mvua ilinyesha hizo wiki zote, na pale juu ya meza yako, ulipoacha Ndila, bati linavuja. Baada ya kukuzika, Shangazi akatoa kitambaa ulichokuwa umeifunika nacho. Ndila ilikuwa nyekundu yote kwa kutu. Shangazi akaishika kichwa. "Woi. Kumbe ni wewe alikuwa anaulizia."

Gurudumu halikugeuka. Halijageuka mpaka leo. Nimeimwagia mafuta, nimejaribu dizeli, nimegonga na mti, nimeongea nayo vile ulikuwa unaongea nayo. Mikono yako ndiyo ilijua, na mikono yako tumezika. Mjomba anasema, "Mutinda, achana na hiyo. Hilo ni jiwe sasa. Tupee watu wa vyuma." Nimekataa.

Zile zingine zimeenda, Susu. Kila mtu alikuja akasema ataweka moja ya ukumbusho. Miguu ya Nthambi sasa ni meza ya hoteli, watu wanawekelea soda. Kitanda chako kiko na nafasi pande zote. Ni mbaya sana hiyo nafasi.

Watu wanasema angalau ulienda ukiwa umetulia. Ni kweli. Lakini ulitulizwa na jibu ya Ndila mwingine, na hiyo ndiyo inatumaliza. Kwa hivyo leo tunakujibu vizuri, mbele ya watu. Susu, Ndila hajakula. Kila Jumamosi namwekea mafuta, yanapita tu, yanamwagika chini.

Ni sisi: watoto wako Munyao na Peris, wajukuu wako Tracy, Ndila ule wa kukula, na mimi Mutinda.

Hatujakusahau hata siku moja, na hatutakusahau. Hiyo unaweza kuamini.